Seli za nishati hai: uso wa elektrodi ndio utakaoamua kama umeme wa samadi utafika Enguserosambu

Tangu Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia ulipozinduliwa jijini Dar es Salaam, Mei 8, 2024, mjadala wa nishati umefika hata katika kata ambazo awali ziliutazama kwa mbali. Enguserosambu, iliyoko Tarafa ya Loliondo wilayani Ngorongoro, mkoani Arusha, ni mojawapo. Kata hiyo ina msitu wa asili ambao jamii ya Wamaasai imeutunza kwa vizazi vingi kwa taratibu zake yenyewe: msitu wa maji, wa dawa, wa malisho ya kiangazi na wa matambiko. Msitu huohuo ndio ghala la kuni. Mkakati unaolenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034 hauwezi kuzungumzwa huko bila kuutazama msitu huo.

Katika mjadala wa namna hii, mambo matatu yamekuwa yakichanganywa kana kwamba ni jambo moja. La kwanza ni biogesi, yaani gesi inayotokana na samadi iliyochachushwa ndani ya mtambo usiopitisha hewa, ambayo huwashwa jikoni. La pili ni nishatimimea, yaani mafuta yatokanayo na mimea kama miwa au mbono, ambayo hutumika kwenye injini. La tatu, ambalo ni geni zaidi kwa wananchi wengi, ni seli za nishati hai. Hizi hazitoi gesi wala mafuta. Hutoa umeme moja kwa moja, kwa kutumia bakteria au vimeng'enya vinavyovunjavunja sukari, mkojo, samadi au majitaka na kuachia elektroni. Mwananchi anayesikia kwamba samadi ya zizini inaweza kuwasha taa anaelezwa ukweli. Akielezwa kwamba samadi hiyo, kwa njia hiyohiyo, itaivisha ugali, anaelezwa jambo ambalo sayansi ya leo haiwezi kulithibitisha. Tofauti ya kauli hizo mbili imo katika sehemu moja nyembamba mno ya kifaa, nayo ni uso wa elektrodi.

Namna ya kuielewa seli hii kwa urahisi ni kuanza na kifaa ambacho kila mgonjwa wa kisukari anakifahamu. Tone la damu linapogusa kijiti cha kupimia sukari, kimeng'enya kilichopakwa kwenye kijiti hicho huichukua glukosi iliyomo katika damu na kuinyang'anya elektroni. Elektroni hizo hupita kwenye elektrodi ndogo iliyochapwa juu ya kijiti, na mkondo wake mdogo wa umeme ndio unaogeuzwa kuwa namba kwenye kioo cha kipimo. Sukari ikiwa nyingi, mkondo huwa mkubwa. Seli ya nishati hai inayotumia vimeng'enya hufanya kazi hiyohiyo, ila lengo lake si kupima mkondo bali kuutumia. Upande mmoja, uitwao anodi, chakula huvunjwa na elektroni hutoka. Upande wa pili, uitwao kathodi, elektroni hizo hupokewa na oksijeni ya hewani. Kati ya pande hizo mbili kuna waya, na juu ya waya huo ndipo taa hufungwa.

Wazo hili si la juzi. Mwaka 1911, Michael Cresse Potter, profesa wa botania nchini Uingereza, alionyesha kwamba hamira na bakteria vinaweza kusababisha umeme vinapolishwa sukari. Mwaka 1964 watafiti wa Marekani walitengeneza seli ya kwanza iliyotumia vimeng'enya vilivyotengwa na viumbe wake. Hata hivyo, zaidi ya karne moja baada ya Potter, hakuna nchi yoyote duniani inayoendesha gridi yake kwa seli hizi. Upungufu si wa chakula cha bakteria, kwani samadi ipo kila penye mifugo, wala bakteria wenyewe si adimu. Geobacter, anayetumika sana katika utafiti huu, aligunduliwa katika tope la chini ya Mto Potomac nchini Marekani, na jamaa zake huishi katika matope ya mahali pengi. Tatizo ni kwamba elektroni hutoka kwa taabu ndani ya kiumbe na kuingia kwenye kipande cha kaboni.

Taabu hiyo inapimika. Katika kimeng'enya cha glukosi oksidesi, sehemu inayoshika elektroni imezama ndani ya protini kama kiini ndani ya kokwa. Elektroni inaweza kuruka umbali wa takribani nanomita 2 tu. Ikizidi hapo, hubaki ilipo. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita, hivyo nafasi inayozungumziwa hapa ni ndogo kuliko jicho au hata darubini ya kawaida inavyoweza kuona. Kimeng'enya kikilala vibaya juu ya elektrodi, mlango wake ukaelekea upande usiofaa, kitaendelea kuvunja sukari lakini hakitatoa umeme. Kwa bakteria hali ni nafuu kidogo, kwa sababu baadhi yao hujenga nyuzi zinazopitisha umeme na kuota kama utando juu ya elektrodi. Hata hivyo, elektrodi ikiwa laini mno au ikiwasukuma mbali, utando huo huchelewa kuota au huota kwa mabaka.

Hapo ndipo kazi ya kurekebisha uso wa elektrodi inapoanzia, na imefanywa kwa njia zinazotofautiana sana. Adam Heller na wenzake katika Chuo Kikuu cha Texas walipaka elektrodi polima yenye chembe za madini ya osmiamu, ambazo huichukua elektroni ndani ya kimeng'enya na kuipokezana hadi kwenye kaboni, kama watu wanaopitishiana ndoo za maji kutoka kisimani. Huko Grenoble, Ufaransa, kundi la Serge Cosnier lilitumia grafiti iliyoshindiliwa pamoja na vimeng'enya, na mwaka 2010 likatangaza kwamba seli yake imetoa umeme ikiwa ndani ya mwili wa panya, kwa kutumia sukari ya mnyama huyo. Baadaye ikatumika mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita chache, ambayo huupa uso mdogo eneo kubwa sana na kuwezesha elektroni kufika karibu na kiini cha kimeng'enya bila mpokezaji.

Mfano wenye manufaa zaidi kwa mazingira ya Tanzania, hata hivyo, ni ule usiohitaji mirija wala osmiamu. Mwaka 2007 Shaoan Cheng na Bruce Logan wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walichukua kitambaa cha kaboni na kukipitisha katika gesi ya amonia yenye joto kali. Gesi hiyo iliacha chaji chanya juu ya kitambaa. Bakteria wengi wana chaji hasi katika ganda lao la nje, kwa hiyo walivutwa na kushika mapema. Muda wa seli kuanza kufanya kazi ulipungua kwa nusu, na nguvu ikapanda kutoka miliwati 1,640 hadi miliwati 1,970 kwa kila mita moja ya mraba. Ongezeko la asilimia 20 linaweza kuonekana dogo kwa anayesoma takwimu za mitambo mikubwa. Lakini lilipatikana bila kubadilisha bakteria, chakula wala umbo la kifaa. Kilichobadilishwa ni uso peke yake.

Takwimu hiyo ya takribani wati 2 kwa mita ya mraba inastahili kusomwa kwa makini, kwa sababu ndiyo inayotenganisha matumaini na mauzo. Ni matokeo ya maabara, kwa chakula safi na joto linalodhibitiwa. Kifaa kinacholishwa samadi au mkojo nje ya maabara hutoa sehemu tu ya hiyo, na kushuka hadi moja ya kumi si jambo la ajabu. Tuseme elektrodi nzuri imetoa wati 1 kwa mita ya mraba, usiku na mchana. Kwa siku nzima itakuwa imekusanya watisaa 24. Taa ya LED ya wati 3 inayowaka saa nne kila usiku hutumia watisaa 12, hivyo nusu mita ya mraba inatosha. Na kama elektrodi ni hafifu mara kumi, mita 5 za mraba. Si nyingi, kwani kitambaa cha kaboni hukunjwa na brashi za kaboni huingia ndoo moja. Lakini jiko la umeme la wati 1,000 lingehitaji mita za mraba 1,000 za elektrodi ile nzuri, eneo linalozidi viwanja viwili vya mpira wa pete.

Hesabu hiyohiyo kwa upande wa biogesi hutoa jibu tofauti kabisa. Takribani kilo 30 za samadi mbichi kwa siku, kiasi kinachoweza kukusanywa asubuhi katika zizi walimolala ng'ombe sita hivi, hutoa karibu mita moja ya ujazo ya gesi, yenye nishati ya joto inayokaribia kilowatisaa 6. Hiyo ni mara 250 ya kile ambacho mita moja ya mraba ya elektrodi nzuri hukusanya kwa siku. Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) cha Arusha kimekuwa kikishughulika na mitambo ya biogesi tangu miaka ya 1980, na mwaka 2009 kilikabidhiwa utekelezaji wa programu ya taifa ya biogesi ya ngazi ya kaya. Kwa jikoni, basi, njia inajulikana: biogesi pale penye maji na mifugo inayolala zizini, gesi ya mitungi ambayo Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umekuwa ukiisambaza kwa bei ya ruzuku, na umeme pale ulipofika. Kikwazo cha biogesi kwa wafugaji ni maji, kwa kuwa samadi huchanganywa na maji ya kiasi kinachokaribia uzito wake, na maji hayo mara nyingi hubebwa na akina mama na punda kutoka mbali. Seli ya nishati hai haitakiondoa kikwazo hicho. Nayo pia haifanyi kazi ikikauka.

Kwa nini basi teknolojia hii iendelee kufuatiliwa? Jibu lipo Kisoro, kusini magharibi mwa Uganda. Mwishoni mwa muongo uliopita, watafiti wa maabara ya roboti ya Bristol, Uingereza, chini ya Ioannis Ieropoulos, walifunga katika shule ya wasichana ya Seseme mfumo unaogeuza mkojo wa vyooni kuwa umeme wa kuwasha taa za vyoo hivyohivyo usiku. Kabla ya hapo mfumo wa aina hiyo ulikuwa umejaribiwa katika tamasha la Glastonbury nchini Uingereza. Kwa mwanafunzi wa bweni, njia ya chooni yenye giza ni suala la usalama kabla ya kuwa suala la nishati. Mkojo ulikuwepo bila gharama, mahitaji ya umeme yalikuwa madogo na yalikuwa mahali palepale ulipozalishwa. Hayo ndiyo mazingira ambayo seli ya nishati hai inayamudu. Isitoshe, bakteria wanapokula uchafu huo hupunguza mzigo wake kabla haujafika ardhini, faida ambayo paneli ya jua, pamoja na ubora wake wote, haiwezi kuidai.

Jambo la kuvutia zaidi katika seli za Bristol, kwa mtu wa Afrika Mashariki, ni malighafi. Badala ya utando ghali wa plastiki maalumu unaotenganisha anodi na kathodi, watafiti hao walitumia udongo wa kuchoma, aina ileile ya kitu ambacho mfinyanzi hutengenezea chungu. Udongo huo hupitisha chembe za haidrojeni na kuzuia oksijeni kwa kiasi cha kutosha. Elektrodi zao ni kaboni. Mtu angeweza kudhani, kwa hiyo, kwamba chungu na gunia la mkaa vinatosha kuanzisha kituo cha umeme kijijini.

Havitoshi, na sababu inarudi palepale kwenye uso na kwenye undani wa kaboni. Mkaa wa tanuri la kawaida la udongo huiva kwa nyuzijoto mia nne hadi mia tano hivi, na kwa joto hilo kaboni bado haijajipanga vya kutosha kupitisha umeme. Mkaa unaofaa kuwa elektrodi huhitaji kupita nyuzijoto 700 au 800. Wenye vinyweleo vingi ndio bora zaidi, kwa sababu eneo lake la ndani ni kubwa. Kaboni ya aina hiyo si ngeni nchini: wachenjuaji wa dhahabu hutumia kaboni amilifu, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, kunasa dhahabu kutoka kwenye tope la miamba. Katika seli za nishati hai kaboni hiyohiyo imethibitika kufanya kazi ya kathodi bila madini ya platinamu, ambayo bei yake pekee ingetosha kuufuta mradi wowote wa kijiji.

Tanzania pia ina madini ya kinywe, yaani grafiti, huko Mahenge mkoani Morogoro, Ruangwa mkoani Lindi na Mirerani mkoani Manyara. Soko lake linazungumzwa zaidi kwa ajili ya betri za magari ya umeme, na sera ya Serikali ni kuyaongezea madini thamani kabla ya kusafirishwa. Elektrodi za seli za nishati hai ni soko dogo sana likilinganishwa na magari. Haitakuwa haki kulipamba. Lakini ni soko ambalo utafiti wake hauhitaji mtambo wa mabilioni. Kipande cha grafiti, tanuri la maabara, amonia na kipimo cha volti ni vitu ambavyo idara ya kemia ya chuo kikuu inaweza kuwa navyo. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iliyopo Tengeru, Arusha, yenye shule inayoshughulikia vifaa, nishati, maji na mazingira, iko katika mkoa uleule wa Enguserosambu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo yenye jukumu la kuratibu na kugharimia utafiti wa namna hiyo.

Kuna matatizo mawili ambayo uso bora wa elektrodi peke yake hautayatatua, na yanapaswa kutajwa mapema kabla ya mradi wowote kufika Loliondo. La kwanza ni volti. Seli moja ikifanya kazi hutoa kati ya volti 0.3 na 0.5, wakati taa ya LED nyeupe huhitaji karibu volti 3. Seli zikiunganishwa mfululizo ili kufikisha volti hizo, iliyo dhaifu hugeuzwa na wenzake na kuanza kula umeme badala ya kuutoa. Kwa sababu hiyo mifumo iliyokwisha kujaribiwa huwa na saketi ya kupandisha volti na betri ya kuhifadhi, na sehemu hizo ndizo zenye kuhitaji fundi. La pili ni uhai. Vimeng'enya hutoa mkondo mkubwa kuliko bakteria kwa eneo lilelile, lakini huchoka baada ya siku au wiki, na haviwezi kujizalisha. Ndiyo maana vitaendelea kufaa zaidi kwenye vijiti vya kupimia sukari, vinavyotumika mara moja na kutupwa, kuliko kwenye choo cha shule. Bakteria hujizalisha wenyewe, ila utando wao ukiwa mnene kupita kiasi huziba vinyweleo vya kaboni ambavyo mrekebishaji alivitafuta kwa gharama.

Loliondo ilitumia kwa miaka mingi umeme wa mitambo ya dizeli ya TANESCO, iliyokuwa mbali na gridi ya taifa, na wakazi wake wanajua gharama ya chombo kinachosubiri kipuri au mafuta kutoka Arusha. Kwao swali la matengenezo hutangulia swali la ugunduzi. Mwananchi au halmashauri inayoletewa kifaa cha kuzalisha umeme kwa samadi au mkojo ina haki ya kudai majibu kabla ya kukitolea eneo: kimetoa wati ngapi kwa mita ya mraba nje ya maabara, kwa miezi mingapi mfululizo, elektrodi zake zilisafishwa mara ngapi, na nani aliyezisafisha. Muuzaji anayetaja volti pekee bila wati hajajibu kitu, kwa maana hata ndimu iliyochomekwa misumari miwili ya madini tofauti hutoa volti.

Kipimo kingine ni baridi. Bakteria hupunguza kasi joto linaposhuka, na usiku wa Juni na Julai katika nyanda za juu za Loliondo ni wa baridi kali. Kisoro nayo ni ya mwinuko, kwa hiyo uzoefu wake una uzito zaidi kwa Ngorongoro kuliko ule wa maabara za pwani au za Ulaya zenye joto la kudhibitiwa. Jaribio lenye maana kwa Enguserosambu ni lile litakaloanza katika shule moja yenye bweni, kwa seli za udongo wa kuchoma na elektrodi za aina mbili zikiwekwa bega kwa bega, moja ya kaboni isiyorekebishwa na nyingine iliyorekebishwa uso, zikilishwa kitu kilekile na kusomwa kila siku kwa mwaka mzima, msimu wa baridi na wa kiangazi ukiwemo. Hesabu za miezi kumi na mbili zikishapatikana, kamati ya shule itaweza kulinganisha gharama ya taa hizo na ya paneli ndogo ya jua, huku majiko ya shule yakiendelea na mpango wake wa kuachana na kuni bila kusubiri matokeo hayo.